Wokovu na dhehebu
Suala la iwapo Mkristo huokolewa kwa kuwa muumini wa kanisa fulani. Katika karne ya 3, Askofu Sipriani wa Karthago alifundisha kuwa nje ya Kanisa hakuna wokovu. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikiri kwamba hata wasio Wakatoliki waweza kuokoka. Swali hilo hugusa pia Itaka, kata ya Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, iliyomo katika nchi ya Wanyiha, walikohubiri Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891. Mlezi wa Wamoraviani, Zinzendorf, aliona kila dhehebu lina karama yake, ila mwokozi ni Kristo. Msimamo huo ndio wenye nguvu zaidi. Swali huuma hasa msibani, marehemu aliyehama kanisa anapotafutiwa mchungaji wa kumzika.