UZI: Funga msitu, fungua msitu. Na mpango je?

1/ Kila siasa zikipamba moto huku Lamu, mjadala wa mikoko hurudi. Jukwaani mmoja atasema msitu ufungwe kabisa, mwingine ataahidi kuwafungulia wakataji siku ya kwanza akiingia ofisini. Wote wanapigiwa makofi, kisha twaenda zetu nyumbani. Mimi nasomea sayansi ya siasa, kwetu ni Ras Kitau, na leo nataka tuliangalie jambo hili kihistoria. Sitataja mwanasiasa wala chama. Hata nikiwataja, maneno ni yale yale.

2/ Kwanza kwa ndugu zetu wa bara. Mikoko ya Kenya nzima ni kama hekta 61,000. Zaidi ya hekta 37,000 ziko Lamu, yaani asilimia 61 iko kwenye kaunti moja. Nairobi wakizungumzia miti ya jiji wanamaanisha ile ya kando ya barabara na ya bustani. Mji wa Lamu miti yake imesimama majini, na mingine imelala darini. Ingia nyumba yoyote kongwe ya mawe pale Mkomani, tazama juu: boriti.

3/ Umewahi kujiuliza kwa nini vyumba vya nyumba zile ni virefu lakini vyembamba? Upana ni mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa sababu huo ndio upana ambao boriti za mkoko zinaweza kubeba dari zito la mawe na chokaa. Fundi hakuamua peke yake. Mti ulimwambia mwisho wake ni wapi. Kwa hivyo ukiniambia mikoko ni habari ya mazingira tu, nitakwambia ni habari ya mji pia. Mji huo uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na dari likioza linahitaji boriti nyingine.

4/ Biashara yenyewe ni kongwe. Karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa misaji na kwa mbao kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani hii yetu. Ghuba haina misitu, sisi tunayo. Majahazi yakashuka na kaskazi, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Nyumba za zamani za Kuwait, Bahrain na Oman zimeezekwa kwa miti ya Afrika Mashariki. Mwaka 1939 baharia Alan Villiers alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililokwenda hadi Rufiji kupakia mikoko.

5/ Biashara ikiwa kongwe hivyo, huzaa lugha yake. Miti haiuzwi kwa kilo, inauzwa kwa korja, na korja moja ni miti 20. Inapangwa kwa unene: fito, halafu pau, mazio, boriti, nguzo, na kuendelea. Soko linataka zaidi mazio na boriti, iliyonyooka. Sasa fikiria msitu unaotolewa miti ya unene mmoja tu, iliyonyooka tu, mwaka baada ya mwaka. Kinachobaki ni vijiti, miti iliyopinda, na mizee. Ukipita na boti utaona kijani kitupu na kusema msitu upo. Mkataji ndiye ajuaye kwamba anachotafuta hakipo.

6/ Jambo moja la kibiolojia, halafu turudi kwenye siasa. Mchu ukiukata huchipua kisikini. Mkoko hauchipui. Ukiukata umekufa, na nafasi yake itajazwa na mche tu, kama kuna mti mama jirani wa kuangusha mbegu na kama maji hayakuichukua. Ndiyo maana swali la "tukate au tusikate" halitoshi. Swali ni mti gani, wapi, mingapi, na mti mama upi unaachwa. Majibu ya maswali hayo, yakiandikwa na kufuatwa miaka mingi, ndiyo yanayoitwa mpango.

7/ Sasa historia ya sheria. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza misitu yote ya mikoko ya pwani kuwa hifadhi ya serikali. Tangu siku hiyo mti ukawa wa serikali, shoka likabaki la mwananchi. Uhusiano wa mtu na msitu ukawa uhusiano wa kibali: nani anatoa, nani ananyimwa. Uhuru ulikuja 1963 na muundo huo ukabaki. Mijadala yetu ya leo bado inazunguka hapo hapo. Tunamuuliza mgombea kama atatoa kibali. Hatumuulizi kibali hicho kitatokana na hesabu gani.

8/ Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Sababu ilieleweka, miti ilikuwa inakwisha. Tena mafuta yalikuwa yameshaleta saruji na chuma Ghuba, soko la kule lilikuwa limelegea. Lakini tazama marufuku ilivyofanya kazi. Ilifunga mlango mmoja, bandarini. Haikusema chochote kuhusu miti ya Mkanda au ya Pate miaka 20 mbele. Ukataji ukaendelea kwa soko la ndani: Lamu yenyewe, Malindi, Mombasa. Soko lilibadilika, msitu haukupata mwenye kuupangia.

9/ Rukeni hadi Februari 2018. Serikali inasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii nchi nzima. Ilianza kwa siku 90, ikaongezwa. Hoja ilikuwa mito inayokauka na misitu ya milimani inayomalizwa. Hoja ya haki kabisa. Ila amri iliyoandikwa kwa ajili ya milima ikamkuta mtu wa jahazi la boriti, ambaye hajui mashine ya kupasua mbao wala mlima wenyewe. Familia zilizotegemea korja zikakaa bila kipato kwa amri moja. Lamu ililegezewa baadaye, lakini funzo lilishaingia: hapa mambo hufungwa kwa tamko na hufunguliwa kwa tamko.

10/ Na mwaka ule ule wa 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilitoa hukumu kuhusu Bandari ya Lamu. Iliamua kwamba haki za jamii zilivunjwa, na wavuvi zaidi ya 4,600 wakatakiwa kulipwa shilingi bilioni 1.76. Ujenzi ulikuwa umekwenda na uchimbaji wa bahari na ufyekaji wa mikoko. Gati la kwanza likafunguliwa 2021. Sisemi bandari isingejengwa, huo ni mjadala mwingine. Nasema mkataji aliyeona shoka lake limesimamishwa huku tingatinga likiendelea alikuwa na haki ya kuuliza sheria hii ni ya nani.

11/ Lakini tusiwe wepesi wa kumfanya kila mkataji kuwa mnyonge asiye na lawama. Mpango wa taifa wa mikoko unakadiria karibu asilimia 40 ya mikoko ya Kenya imeharibika. Si bandari peke yake. Ukataji usio na hesabu umo. Na mikoko ndiyo malezi ya kamba, kaa na samaki wengi, kwa hivyo mkataji akizidisha anayepungukiwa ni mvuvi, na mara nyingi hao wawili ni ndugu wa nyumba moja.

12/ Na sisi wa huku Ras Kitau tujitazame. Ufuo wetu umejaa nyumba za wageni na hoteli, na uzuri wake ni makuti na boriti. Mgeni analala chini ya dari la mikoko, asubuhi anavuka maji hadi Shela akilaumu wakata mikoko. Bei ya korja haipandishwi na mkataji peke yake, kuna anayenunua. Sijawahi kusikia mgombea yeyote akizungumzia mnunuzi jukwaani. Pengine ni kwa sababu wakataji wana kura za kuombwa, wanunuzi wana michango.

13/ Je, kuna mahali pamefanikiwa? Matang, jimbo la Perak, Malaysia. Ni mikoko ya kama hekta 40,000, karibu sawa na ya Lamu. Imesimamiwa kwa mpango tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Msitu umegawanywa vipande, kila kipande huvunwa kwa zamu ya miaka 30 hivi, katikati kinapunguzwa miti ili inayobaki inenepe, na mpango unaandikwa upya kila miaka 10. Si peponi. Wapo wanasayansi wanaoonya kwamba aina za miti zimepungua na mavuno si kama ya zamani. Kule kuna mvua nyingi kuliko kwetu, na soko lao ni makaa. Lakini mtoto aliyezaliwa kipande kikivunwa anaweza kukivuna tena akiwa na miaka 30.

14/ Sasa linganisheni: zamu ya mti ni miaka 30, zamu ya mwanasiasa ni miaka 5. Anayepanda leo hatakuwepo ofisini siku ya kuvuna. Anayefungua leo anapata kura leo, hasara inamwangukia mwingine. Kwenye somo letu hili ni tatizo la kawaida kabisa, wala halihitaji mtu mbaya. Hata mtu mwema atavutwa upande wa tamko, kwa sababu tamko linaonekana na mpango hauonekani. Ndiyo maana mpango unahitaji kukaa mahali ambapo uchaguzi haufiki kirahisi: kwenye sheria, bajeti, na mikono ya vikundi vya wenyeji.

15/ Vitu hivyo tunavyo nusu nusu. Sheria ya Misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyoirithi, zinaruhusu vyama vya jamii kusimamia msitu pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kwale, Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013 unalinda hekta 117 na kuuza kaboni, pesa zinaingia kwenye maji na shule. Huku kwetu kina mama wa Mtangawanda, kisiwani Pate, wanapanda mikoko. Na taifa lina Mpango wa Usimamizi wa Mikoko wa 2017 hadi 2027.

16/ Someni tena hiyo tarehe. 2027. Mpango unaisha mwaka ule ule wa uchaguzi mkuu. Yaani wakati tunabishana nani afunge na nani afungue, waraka unaopaswa kujibu swali lenyewe utakuwa unakwisha muda wake. Ukiisha bila mwingine, tunarudi kwenye matamko.

17/ Utaambiwa pia habari ya kupanda. Serikali inalenga miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa likizo nchi nzima tupande. Kupanda ni kuzuri. Lakini ufuo una safu zake: mlilana mbele baharini, mkoko nyuma yake, halafu muia na mkandaa. Ukichomeka mikoko mahali pa mlilana kwa sababu ndipo kamera inafika, mawimbi yataing'oa. Anayetangaza idadi ya miche muulize mingapi ilikuwa hai mwaka uliofuata.

18/ Kwa hivyo wakija kwenye mkutano, msiulize "utafunga au utafungua?" Ulizeni haya:
– Mpango wa baada ya 2027 uko wapi, na wakataji na wavuvi wameitwa kuuandika?
– Kila eneo litatoa korja ngapi kwa mwaka, na nani aliyehesabu?
– Msitu ukipumzishwa, mkataji atakula nini miezi hiyo?
– Mradi mkubwa ukifyeka mikoko, utafuata masharti yale yale?
– Boriti za kutengeneza nyumba za mji mkongwe zitatoka wapi?

19/ Akijibu mawili kati ya hayo kwa takwimu, huyo msikilizeni, awe wa upande wowote. Akirudi kwenye "nitawafungulia" au "nitalinda mazingira" bila zaidi, mshukuruni kwa maji ya chupa na fulana. Kama kuna mkataji, fundi au mtu wa kikundi cha kupanda anausoma uzi huu, andika hapa chini hali ya kwenu iko vipi. Nyinyi mnaujua msitu kuliko sisi wa vitabuni.