Plagi inapokosa mshiko: Ukarabati wa hesi katika injini ya mashua

PLAGI ikifyatuka mvuvi akiwa nje ya mwamba, hasa majira ya kusi bahari inapochafuka, kinachopotea si samaki wa siku hiyo tu. Injini hupungukiwa nguvu au huzimika kabisa, petroli iliyochanganyika na hewa hurushwa nje kupitia tundu lililoachwa wazi, na cheche yoyote iliyo karibu yaweza kuiwasha. Chanzo mara nyingi ni kulika kwa hesi, yaani ile mikato ya mzunguko tunduni inayoishika plagi.

Kichwa cha silinda huundwa kwa alumini, ilhali ganda la plagi ni la chuma. Metali hizi mbili zikikutana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe hujaa katika hesi na plagi hung'ang'ania, hata siku inapofunguliwa hung'oka pamoja nazo. Mikono ya binadamu nayo ina lawama zake: kuingiza plagi kombo kisha kuilazimisha kwa spana, kuikaza kupita kiasi, au kuifungua injini ingali moto. Plagi huzungushwa kwa vidole hadi ifike mwisho. Ile mpya yenye pete ya kuzibia huongezewa takriban nusu mzunguko tu kwa spana.

Iwapo ni hesi chache za mwanzo zilizopinda, kuzisafisha kwa kikatio cha hesi kwatosha. Plagi nyingi za injini hizi zina kipenyo cha milimita 14, na nafasi ya milimita 1.25 kati ya hesi moja na nyingine. Fundi stadi hufungua kichwa na kupitisha kikatio kutoka upande wa ndani, ambako hesi zilizo nzima hukiongoza kwenda sawa.

Zikiwa zimekwisha kabisa, tundu hupanuliwa, hesi kubwa zaidi zikakatwa, kisha kikatiwa kikoba cha chuma chenye hesi za kipimo cha awali kwa ndani. Kuna cha waya uliosokotwa mithili ya springi, na kuna kigumu cha kipande kimoja. Urefu wake sharti ulingane na wa tundu: kikichomoza ndani, ncha yake hupata moto na kuwasha petroli kabla ya wakati.

Kinachozusha ubishi ni iwapo kichwa kifunguliwe. Wapo wanaopaka kikatio grisi ili inase chembe za alumini. Hata hivyo, katika injini zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, ukuta wa silinda una matundu ya kupitishia hewa na moshi, na chembe ikibanwa hapo na pistoni huukwaruza. Katika nyingi, kufungua kichwa ni suala la bolti kadhaa na gasketi mpya, gharama isiyolingana na ya silinda. Ni pale tu kichwa na silinda ni kipande kimoja ndipo grisi haina mbadala, na silinda husafishwa kwa hewa ya kupuliza kabla ya injini kuzungushwa.

Gundi na utepe wa mafundi wa mabomba havifai kabisa, kwa kuwa havihimili joto wala mgandamizo. Kazi ikikamilika, injini hujaribiwa mguu wake ukiwa majini, kwani pampu ya kupoza huharibika ikizunguka pakavu. Ikishapoa, plagi hukaguliwa tena kama ingali imekaza.