MELATONINI DHIDI YA SUMU YA METHAMFETAMINI: HISTORIA YA DAI LA KINGA

Insha hii inafuatilia historia ya dai kwamba melatonini, homoni inayotolewa na tezi ya pineali wakati wa giza, hukinga seli za neva dhidi ya madhara ya methamfetamini. Hoja kuu ni kwamba ushahidi uliopo unathibitisha kinga wakati sumu inapoingia, wala hauthibitishi tiba ya ubongo uliokwisha kudhurika.

Historia ya homoni na ile ya dawa zilianza mbalimbali. Nagai Nagayoshi alitengeneza methamfetamini nchini Japani mwaka 1893. Kufikia mwaka 1938 ilikuwa ikiuzwa Ujerumani kwa jina la Pervitin, na baada ya Vita Kuu ya Pili matumizi yake yalienea Japani hata ikatungwa sheria ya kuidhibiti mwaka 1951. Wakati huo wote ilihesabiwa kuwa kichangamshi chenye kulevya. Ushahidi kwamba inaharibu ubongo ulipatikana katika miaka ya 1970, majaribio ya nyani yalipoonyesha kuwa dopamini ilibaki imepungua muda mrefu baada ya dawa kusitishwa.

Kwa upande wa homoni, McCord na Allen waligundua mwaka 1917 kwamba dondoo la tezi ya pineali ya ng'ombe hung'arisha ngozi ya viluwiluwi. Mwaka 1958 Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliitenga kemikali hiyo na kuiita melatonini. Hata hivyo, ni mwaka 1993 ambapo watafiti wa Texas, akiwemo Russel Reiter, walionyesha uwezo wake wa kunasa radikali huru.

Ugunduzi huo ndio uliozikutanisha historia hizo mbili. Methamfetamini huisukuma dopamini nje ya vifuko vyake. Dopamini hiyo huoksidika na kuzalisha radikali zinazodhuru ncha za neva. Kufikia mwaka 1998, majaribio ya panya yalikuwa yameonyesha kwamba melatonini hupunguza upotevu wa dopamini. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Mahidol nchini Thailand waliendeleza uchunguzi huo kwa seli zilizooteshwa maabarani. Kwao suala hilo lilikuwa la nyumbani: vidonge vya methamfetamini, vijulikanavyo kama yaba, vilikuwa vimeenea nchini humo.

Matokeo hayo yasomwe kwa tahadhari mbili. Kwanza, methamfetamini hupandisha joto la mwili, na majaribio ya miaka ya 1990 yalithibitisha kuwa mazingira ya baridi pekee hupunguza madhara yake. Jaribio lisilopima joto, kwa hiyo, haliwezi kutenganisha kazi ya kunasa radikali na athari ya kupoza mwili. Pili, katika majaribio ya msingi homoni ilitolewa karibu na wakati wa dawa. Mtumiaji hufika kliniki baada ya miezi au miaka ya matumizi.

Inahitimishwa kwamba neno "kinga" ni sahihi likibaki katika mipaka ya majaribio yaliyolizaa. Likigeuzwa kuwa "tiba", mgonjwa huahidiwa jambo ambalo panya wa maabara hawakulithibitisha.