Mdominikani Ni Nani?



Leo ni Dominika, yaani siku ya Bwana. Neno hilo tumelipokea kutoka Kilatini, nalo limezaa majina mengi. Kisiwa cha Dominika, katika Bahari ya Karibi, kiliitwa hivyo kwa kuwa Columbus alikiona siku ya Dominika, tarehe 3 Novemba 1493. Mtakatifu Dominiko, Mhispania aliyefariki mwaka 1221, aliliachia jina lake Shirika la Wahubiri, lililothibitishwa na Papa Honorius III mwaka 1216. Nao raia wa Jamhuri ya Dominika, iliyojitenga na Haiti mwaka 1844, huitwa Wadominikani kutokana na mji wao mkuu, Santo Domingo. Basi, akitajwa Mdominikani, yatupasa kuuliza: ni mwananchi au ni mtawa?

Mjini humo humo majina hayo mawili yalikutana. Mwaka 1510 watawa Wadominikani walifika Santo Domingo, wakiongozwa na Pedro de Córdoba. Waliwakuta wenyeji, Wataino, wakiangamia kwa kazi za shuruti katika machimbo ya dhahabu na mashamba ya Wahispania. Tarehe 21 Desemba 1511, Dominika ya nne ya Majilio, Padre Antonio de Montesinos alipanda mimbarani kuhubiri juu ya sauti ya mtu aliaye nyikani. Mbele ya gavana Diego Columbus aliwauliza mabwana ni kwa haki gani waliwatumikisha watu wale, na kama hao nao hawakuwa wanadamu.

Wakuu walighadhibika, wakamtaka ayakane maneno yake. Dominika iliyofuata walikuja kusikia akitubu. Naye akayarudia yote, akaongeza kwamba watawa hawatawaungamisha tena watesi hao.

Mfalme Ferdinand alitoa Sheria za Burgos mwaka 1512, lakini mateso hayakukoma. Hata hivyo, Bartolomé de las Casas, aliyekuwa mmoja wa mabwana hao, aliwaacha Wataino wake mwaka 1514, baadaye akajiunga na shirika lile lile. Ndiye aliyetuhifadhia habari za mahubiri hayo.

Wapendwa, asili ya jina Dominiko ni "wa Bwana". Wenye mashamba walikaa katika mji wenye jina hilo, wakaishika Dominika kanisani, lakini jirani yao hawakumtambua. Sisi tuitwao Wakristo, je, wanaotutumikia majumbani na mashambani mwetu wanalionaje jina letu?