Mikanda Myembamba na Majina Yasiyoandikwa

Mwaka 1923 kampuni ya Kodak ilitoa mkanda wa filamu wa milimita 16, na mwaka 1932 ule wa milimita 8. Mikanda hiyo haikuwaka moto upesi kama ile ya majumba ya sinema ya zamani, na kamera zake nyingi ziliendeshwa kwa springi, bila umeme. Ndiyo maana zilifika hata kwetu Kongo, mahali ambapo studio haikuwapo.

Huko Luluabourg, ambayo leo twaiita Kananga, mapadri wa Scheut walipiga filamu nyingi katika miaka ya 1950. Padri Albert Van Haelst alituachia vichekesho vya Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwingine mwembamba, vilivyochezwa na Wakongomani wenyewe. Sisi twavicheka hata leo. Hata hivyo jicho lililo nyuma ya kamera ni la mlezi anayemtazama mwanafunzi wake, na hilo tusilifumbie macho.

Nyingi za filamu za wamisionari zimehifadhiwa Ubelgiji, zikiwemo zile za KADOC mjini Leuven. Nyingine zimebaki majumbani, na wako watu wanaozitafuta kwa upendo tu, bila mshahara. Watu hao hutanguliza pua kabla ya macho: mkebe ukinuka siki, asetati imeanza kuoza, na asidi inayotoka huharakisha uozo huo na kuambukiza mikanda jirani. Baridi hupunguza mwendo wake, haiuponyi. Mkanda uliosinyaa usipitishwe katika projekta, kwa maana meno yake yatararua matundu. Hupigwa picha moja moja kwa mashine ya kidijitali, kazi ya subira kweli: mita 30 za milimita 16 ni dakika chache tu za kutazama. Na mkanda wenyewe hautupwi baadaye, kwa kuwa faili nazo hufa.

Lakini mashine haisomi kisichoandikwa. Juu ya mkebe mara nyingi twakuta mahali, mwaka, pengine jina la padri; la mama anayetwanga mihogo halimo. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1955 amekwisha kufikia 80. Nakala hizo zirudi Kasai sasa, zioneshwe kwa wazee hao, na mwenye kalamu akae karibu nao.