Chuma cha Mbozi

Zamani, kabla ya majembe ya ng'ambo kuenea barani, Wanyiha wa Mbozi, nchi iliyomo leo katika Mkoa wa Songwe, waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri refu la udongo lililovuta hewa lenyewe kwa matundu ya chini. Na ilimu iliyokuwamo ni ile ile wanayosomeshwa watoto wetu madarasani, kwamba kaboni ya mkaa huyanyang'anya mawe oksijeni yake, likabaki bonge la chuma lenye taka, ambalo mafundi walilisafisha katika tanuri dogo kwa mivukuto, kisha wakalifua. Nauhusudu ustadi huo.

Na katika wilaya iyo hiyo, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kililala chuma kisichohitaji tanuri: kimondo cha tani zipatazo 16, ambacho mpima ardhi W. H. Nott alikitolea habari mwaka 1930. Nikeli yake, karibu asilimia 9, ndiyo shahidi wa asili yake ya angani. Watafiti walipotaka kipande cha kuchunguza, walikikereza kwa msumeno wa mkono saa baada ya saa, kwa ugumu wake.