Nani anaamua kama telefone imezeeka? Historia fupi ya kuflashi

Ninyi familia mliokimbia vijiji vyenu mkapata kimbilio Lubunga na katika komini zingine za mji, leo tuongee juu ya telefone za zamani.

Tangu mapigano kati ya watu wa Mbole na wa Lengola yalipoanza, Februari 2023, watu wengi wa Tshopo walitoka kwao bila hata godoro. Kitu kilichobaki mfukoni mara nyingi ni telefone. Ndani yake kuna namba ya mjomba, picha ya nyumba iliyoungua, sauti ya mama. Na kisha siku moja WhatsApp inakataa kufunguka, inasema telefone hii ni ya zamani mno. Kioo ni kizima, betri inashika, muziki unapiga. Ni nani basi aliyeamua kwamba imekufa?

Telefone ina mwili na ina akili. Mwili ni kioo, betri na chipu. Akili ni mfumo, yaani ile programu kubwa inayoongoza programu zingine zote. Kwa telefone nyingi za hapa mfumo huo unaitwa Android, na kila toleo lina namba yake. Kiwanda kikishauza telefone, kinaleta matoleo mapya kwa miaka michache, kisha kinaacha. Mwili unaendelea kuishi, lakini akili inabaki pale pale. WhatsApp nayo haingojei: Februari 2020 iliacha telefone za Android 2.3.7 kurudi chini, Novemba 2021 ikaacha za 4.0.4 kurudi chini, na Oktoba 2023 ikaanza kudai Android 5.0 au zaidi. Kila mara, telefone zisizovunjika zilifungiwa mlango.

Historia ya watu waliokataa kufungiwa mlango huo ni ndefu kidogo. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo kinachoitwa Linux, akakiacha wazi: kila mtu anaweza kukisoma, kukibadilisha na kukigawa, mradi naye akigawa, aache wazi mabadiliko yake. Android ilijengwa juu ya kiini hicho, na mwaka 2008 Google ilitoa hadharani sehemu kubwa ya maandishi yake. Ni kama mpishi kuwapa majirani namna ya kupika mchuzi wake.

Telefone ya kwanza ya Android, HTC Dream, ilianza kuuzwa Marekani Oktoba 2008. Mchuzi ulikuwa wazi, lakini chungu kilifungwa kufuli: mwenye telefone hakuruhusiwa kugusa mfumo. Wiki chache baadaye, watu waligundua kosa la ajabu. Kila kitu ulichoandika kwenye vitufe, hata ujumbe wa kawaida, kilipita pia kwa siri mahali penye mamlaka yote ya telefone. Ukiandika neno la kuamuru mashine ijizime na kuwaka tena, ilitii papo hapo. Google ilirekebisha kosa hilo haraka, lakini watu walikuwa wamekwisha kuingia. Kuanzia hapo wakaanza kutengeneza mifumo yao, ambayo mafundi wanaiita rom.

Mmoja wao alikuwa Mmarekani Steve Kondik. Mwaka 2009 rom yake, CyanogenMod, ilianza kuenea. Septemba mwaka huo Google ilimwandikia barua ya kumkataza kugawa ndani yake programu za Google zenyewe, kama duka lake la programu, kwa sababu hizo hazikuwa wazi. Suluhisho likawa kugawa mfumo peke yake, na mwenye telefone aongeze programu hizo mwenyewe. Desturi hiyo ipo hadi leo. Mwaka 2013 Kondik na wenzake walifungua kampuni, feza nyingi zikaingia, ugomvi nao ukaingia. Desemba 2016 kampuni ilitangaza kufunga huduma zake. Lakini maandishi yalikuwa wazi, na hakuna aliyeweza kuyafunga. Mwezi ule ule wajitoleaji waliyachukua wakayapa jina jipya: LineageOS.

Tuchukue mfano. Samsung Galaxy S III, ile inayoitwa i9300, ilitoka mwaka 2012. Kiwanda kiliifikisha Android 4.3 kikaacha. Ni kusema, Oktoba 2023 WhatsApp iliifungia. Lakini wajitoleaji wa LineageOS walikuwa wameshaifikisha Android 7.1. Mwili ni ule ule, ila akili mpya ilivuka mpaka.

Jambo hili linatugusa kwa njia nyingine pia. Sehemu kubwa ya madini ya tantali, na sehemu ya bati, yanayotumika ndani ya telefone inatoka katika mashariki ya inchi yetu, kule ambako watu wanakimbia kila mwaka. Kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilianza mwaka 2013 ikitaka kufuata njia ya madini hayo kutoka mgodi wa Kongo hadi kiwanda. Fairphone 2 ilitoka mwisho wa 2015. Mtengenezaji wa chipu yake aliacha kuisaidia mapema, lakini Fairphone iliendelea kuipa matoleo mapya hadi Machi 2023, kwa miaka 7, na njiani ilisaidiwa na kazi ya wajitoleaji wa LineageOS. Telefone inayodumu miaka 7 haihitaji kuchimbiwa nyingine kila baada ya miaka 2.

Sasa turudi kwetu, maana hapa neno « kuflashi » linachanganya watu. Ukipeleka telefone kwa fundi akasema ataiflashi, mara nyingi anarudisha mfumo ule ule wa kiwanda. Hiyo inasaidia telefone iliyokwama au iliyojaa virusi, lakini namba ya Android haipandi, na WhatsApp iliyokataa jana itakataa na kesho. Kuweka rom mpya ni kazi nyingine: kufungua kufuli ya kiwanda, kuweka programu ndogo ya kuingizia mfumo, kufuta yote, kisha kuweka mfumo mwingine.

Tena, si kila telefone inakubali. Tecno na itel tunazoziona mikononi mwa wengi zinatumia mara nyingi chipu za MediaTek au Unisoc, na maandishi ya kuziendesha hayapatikani kirahisi. Mjitoleaji asiyekuwa na maandishi hayo hana pa kuanzia. Ndiyo maana rom nyingi zinapatikana kwa Samsung, Motorola, Xiaomi au Google Pixel, na kwa telefone ya bei ndogo mara nyingi hakuna. Fundi akikuahidi Android mpya kwa telefone yoyote ile, muulize: rom hiyo ni toleo gani, na imetengenezwa na nani? Rom iliyookotwa mahali pasipojulikana inaweza kuwa na mtu ndani anayesoma ujumbe wako.

Kabla ya kumpa telefone, fanya haya. Andika namba zote za ndugu katika daftari, kwa mkono. Hamisha picha na sauti kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha itoe kadi hiyo pamoja na SIM, ukae nazo. Feza zako za M-Pesa, Airtel Money au Orange Money haziko ndani ya telefone, zinafuata namba yako. Kwa hiyo usimwachie fundi SIM, wala usimtajie namba ya siri. Hakikisha fundi amesoma namba kamili ya telefone, kwa sababu rom ya i9300 haifai kwa i9305, ijapokuwa zote mbili zinaitwa Galaxy S III. Betri iwe imejaa, na kompyuta yake isitegemee umeme wa ukutani peke yake: umeme ukikatika katikati ya kazi, telefone inaweza isiwake tena.

Familia iliyotawanyika inaweza kununua telefone nyingine siku moja. Sauti ya mzee aliyebaki kijijini haiuzwi sokoni. Anzeni na daftari na kadi ya kumbukumbu, leo hii, hata kama telefone yenu bado inafanya kazi vizuri.